Barabara iliyofungwa bila kufutwa: kisa cha kipande cha Barabara 61, Centralia

Kisa hiki hukirudia kila ninapokaa na mafundi wa matengenezo ya barabara, kwa sababu kinahusu siku ambayo hatufundishwi chuoni. Tunafundishwa kupima udongo, kumwaga kokoto, kushindilia, kuziba viraka, kuzibua mitaro. Siku barabara inapoachwa hakuna somo lake. Mtu anaamka, anaweka kizuizi, anaondoka, na anadhani kazi imekwisha.

Majina ya wakazi nimeyaacha, na pia jina la kampuni iliyoishia kuwa na ardhi hiyo. Mahali na miaka sikuvificha kwa kuwa ni mambo yanayojulikana na umma, na bila hivyo kisa hakieleweki.

Barabara yenyewe

Barabara ya Jimbo namba 61 iko Pennsylvania, Marekani. Inaanzia mji wa Reading, kusini mashariki mwa jimbo, inapanda kaskazini kupitia Hamburg, Schuylkill Haven, Pottsville na Frackville hadi Ashland. Kutoka Ashland inapanda mlima na kuingia Centralia. Hapo inakata upande wa magharibi kwenda Mount Carmel, Kulpmont na Shamokin, hadi Sunbury, kisha inavuka mto Susquehanna na kuishia Shamokin Dam. Hapo hapo Centralia ndipo inapoanzia barabara nyingine ya jimbo, namba 42, inayokwenda kaskazini kuelekea Bloomsburg. Kwa hiyo Centralia, pamoja na udogo wake, palikuwa njia panda.

Hadi 1963 sehemu hii ilibeba namba ya barabara ya kitaifa, 122. Namba hiyo ilipofutwa, upande wa kaskazini wa Reading ukapewa 61. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jambo linalochanganya watu: namba inaweza kufutwa wakati lami inaendelea kupitisha magari kama kawaida. Na kinyume chake kinawezekana pia: lami ikaachwa huku namba ikiendelea kuishi mahali pengine. Kisa chetu ni cha aina hii ya pili. Kipande kinachohusika ni kifupi, kiasi cha kilomita 1.2, kati ya Ashland na Centralia.

Chini ya lami

Nchi ile ni ya makaa ya mawe magumu, yale meusi yanayong'aa ambayo hushika moto kwa shida lakini yakishika huwaka kwa muda mrefu bila moshi mwingi. Centralia ilipata hadhi ya mji mwaka 1866, ikazaliwa na machimbo na kuishi kwa machimbo. Sensa ya 1890 ilikuta watu 2,761, na hawakuwahi kuzidi hapo. Kufikia 1980 walikuwa wamebaki kama elfu moja.

Uchimbaji wa zamani huko ulifuata mtindo wa vyumba na nguzo. Wachimbaji wanatoa makaa na kuacha nguzo za makaa hayo hayo zishike paa, kama vile mtu anayechimba shimo la choo akaacha ukingo usiporomoke. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929 machimbo mengi yakafungwa, na watu wasio na kazi wakaingia humo kwa siri. Hao walichimba hata nguzo. Kwa hiyo chini ya mji na chini ya njia zake kulikuwa na mapango yaliyounganika, mengine yakiwa hayamo kwenye ramani yoyote, na mapaa yaliyosimama kwa bahati.

Mhandisi wa barabara aliyekuja baadaye hakuyaona hayo. Yeye aliona mteremko mzuri, mwamba karibu, maji yanatiririka vizuri. Ukipima udongo kwa kina cha mita chache utapata majibu mazuri sana kuhusu sehemu ambayo, mita kadhaa chini zaidi, ni hewa tupu.

Moto ulivyoingia

Mwishoni mwa Mei 1962, siku chache kabla ya sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, halmashauri ya mji ilitaka jalala lisafishwe. Jalala hilo lilikuwa ndani ya shimo la machimbo ya wazi lililoachwa, jirani na makaburi ambayo wageni wangekuja kuyazuru siku hiyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: kikosi cha zimamoto cha kujitolea kiliwasha takataka ili ziteketee, wakazizima kwa maji, wakaenda zao. Baada ya siku mbili moto ukaonekana tena. Chini ya ukuta wa shimo kulikuwa na uwazi ambao haukuwa umezibwa, nao ulielekea moja kwa moja kwenye mapango ya makaa.

Mradi wa kwanza wa kuuchimbua moto ulipewa kama dola 20,000, ukaisha Oktoba mwaka huo huo fedha zikiwa zimekwisha na moto ukiwa mbele ya kijiko cha mtambo wa kuchimbia. Ikafuata miradi mingine: kutoboa mashimo na kumimina mchanganyiko wa mawe yaliyosagwa na maji, kujenga vizuizi vya majivu ya viwandani chini ya ardhi. Kila mradi ulibuniwa kulingana na ukubwa wa moto wa siku ulipopimwa, na moto haukusubiri taratibu za zabuni. Nani asiyeijua hali hiyo?

Kwa miaka mingi watu waliishi juu yake. Mwaka 1979 mwenye kituo cha mafuta mjini aliingiza kijiti cha kupimia kwenye tangi lake la chini ya ardhi ili aone limebaki petroli kiasi gani. Alipokitoa kilikuwa cha moto mkononi. Akafunga kipimajoto kwenye uzi, akakishusha ndani ya tangi, akakivuta: nyuzi 172 za Farenhaiti, karibu 78 za Selsiasi. Fikiria petroli ya joto hilo, na magari yanaingia kujaza. Miaka miwili baadaye, Februari 1981, ardhi ilipasuka chini ya miguu ya mtoto wa miaka 12 aliyekuwa uani kwa bibi yake. Alishika mzizi wa mti hadi binamu yake akamvuta. Shimo lile lilikuwa na kina cha mita kama 45, na mvuke wake ulikuwa na gesi ya kaboni monoksidi ya kuua.

Mfuatano wa matukio barabarani

Tangu hapo mji ukawa habari ya taifa, na barabara ikawa sehemu yake. Moto ulisogea upande wa kusini, kuelekea kipande cha 61 kinachoshuka Ashland. Kilichotokea kwenye lami si kuungua, kama wengi wanavyodhani. Makaa yanapoteketea yanaacha majivu, na majivu hayana ujazo wa makaa. Uwazi unazidi, paa linadondoka, uwazi unapanda juu kidogo, paa jipya linadondoka, hadi siku moja tabaka la chini la barabara linakosa cha kukalia na kutitia. Lami ni ngumu lakini haijui kuning'inia. Inapinda, inapasuka, mvuke unatokea kwenye ufa.

Idara ya barabara ya jimbo iliifanyia matengenezo zaidi ya mara moja. Wakati wa matengenezo hayo magari yalipelekwa kwenye mchepuko: barabara ya zamani ya kando iliyopita Byrnesville, kitongoji kidogo kilichokuwa kusini ya Centralia. Matengenezo yakiisha, magari yanarudi. Ardhi inatitia tena, mchepuko unafunguliwa tena.

Huku nyuma mji ulikuwa ukiondoka. Uchunguzi uliofanywa 1983 ulionyesha kwamba kuuchimbua moto wote kungegharimu zaidi ya dola milioni 600. Bunge la Marekani likachagua njia ya bei nafuu: lilitenga zaidi ya dola milioni 42 ili watu walipwe fidia wahame. Wengi walihama. Sensa ya 1990 ilikuta watu 63. Mwaka 1992 gavana wa jimbo alitumia mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, majengo yote yakahukumiwa kubomolewa.

Mwaka 1993 idara ikasema basi. Mchepuko ukafanywa njia ya kudumu, namba 61 ikahamia huko, na kipande cha zamani kikafungwa kwa matuta ya udongo pande zote mbili. Nyumba ya mwisho ya Byrnesville ilibomolewa 1996. Ni kichekesho cha aina yake: kitongoji kilipata barabara kuu mlangoni miaka mitatu kabla ya kufutika.

Halafu ukimya, kwa upande wa ofisi. Kwa upande wa watu haukuwapo ukimya. Miguu ilipita kwenye matuta. Wa kwanza walikuja kuona ufa na mvuke. Kisha mmoja akaandika jina lake kwa rangi ya kupulizia, wa pili akaandika chini yake. Ukitazama picha za miaka ya 2010 huoni lami tena. Kuna majina, mioyo, tarehe za ndoa, matusi, salamu za wanafunzi waliomaliza shule, rangi juu ya rangi kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati ya hayo yote ufa uliopinda, mpana wa kutosha mtu kuingiza mguu, nao umejazwa makopo ya rangi yaliyokwisha. Watu wakaipa jina jipya, Barabara ya Grafiti, na jina hilo likashinda namba.

Mwaka 2018 idara ya jimbo iliachia haki yake juu ya kipande hicho, kikawa mali ya kampuni ya makaa ya mawe ya eneo hilo. Aprili 2020, wakati watu wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona na wamechoka kukaa ndani, wageni waliongezeka badala ya kupungua. Wakakusanyika, wakawasha moto. Kampuni ikaleta udongo, malori kama 400, ikaifunika barabara yote kwa siku chache.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kwetu leo kuwacheka waliotengeneza juu huku chini kunawaka. Mimi siwacheki. Katika miaka ya 1980 bado kulikuwa na watu Centralia. Kulikuwa na wazee, makanisa, wafanyakazi wa Ashland na Mount Carmel waliopita pale kila siku. Kuhama kulikuwa kwa hiari. Kufunga barabara kuu ya mji ambao serikali hiyo hiyo inasema hautalazimishwa kuhama ni kuulazimisha kwa mlango wa nyuma. Na bajeti ya kiraka ipo kila mwaka, wakati bajeti ya kuzima moto wa chini ya ardhi haikuwa ya idara ya barabara hata kidogo. Mwenye nyundo hugonga kilicho mbele yake.

Uamuzi wa kutumia njia ya Byrnesville ulikuwa wa busara kwa sababu hawakulazimika kubuni chochote. Njia ilikuwapo na ilijulikana. Ilijaribiwa kama mchepuko kwa vipindi kadhaa, ikabeba malori, ikapita majira ya baridi. Walipoamua kuifanya ya kudumu walikuwa na ushahidi wa macho, jambo ambalo usanifu mpya haukupi. Naona pia kwamba walichagua wakati vizuri. Baada ya amri ya 1992 hapakuwa na hoja ya kusema barabara ile inalinda mji.

Sasa matuta. Tuta la udongo ndicho kizuizi cha bei nafuu kuliko vyote, na kwa gari linafaa kabisa. Lengo lililokuwa mezani lilikuwa gari. Ajali waliyoiogopa ni lori kutumbukia. Kwa mtu wa miguu tuta ni kilima cha kupanda, na kwa kijana ni mwaliko. Palikuwa na mabango ya kuonya eneo lote kwamba chini kuna moto, ardhi si imara na gesi inaweza kuua. Watu walipiga picha pembeni yake.

Uamuzi wa kuiacha lami mahali pake sidhani ulikuwa uamuzi. Ninavyouona, ni jambo ambalo halikuulizwa. Kubomoa lami kungehitaji mitambo mizito kusimama juu ya ardhi inayotitia, na hiyo ni sababu halali ya kusita. Lakini kusita na kuamua si kitu kimoja. Sababu ya kusita huandikwa, ikawekewa tarehe ya kuangaliwa upya.

Na kuachia umiliki 2018? Hapo nawaelewa wote wawili. Idara ilikuwa inabeba dhima ya mahali isipopahudumia. Kampuni ilipokea ardhi ambayo tayari ina wageni, jina la umaarufu, na desturi ya robo karne ya watu kuingia bila kuulizwa. Aliyepokea alipokea sherehe ya mtu mwingine iliyokwisha kuanza.

Matokeo

Kwa kipimo kimoja mambo yalikwenda vizuri. Msafiri wa leo anayetoka Ashland kwenda Mount Carmel anapita mchepuko ule wa zamani bila kujua kwamba ni mchepuko. Namba ni ile ile, 61. Hakupoteza muda wa kutajika. Mji wenyewe karibu haupo: sensa ya 2020 ilihesabu watu watano, waliobaki kwa makubaliano ya 2013 yaliyowaruhusu kuishi pale hadi mwisho wa maisha yao. Nyumba chache zilizosimama zilikuwa za safu, ukuta kwa ukuta na majirani. Majirani walipobomolewa, kuta za zilizobaki zikawekewa nguzo za matofali nje, mfululizo wa vibomba vya moshi visivyo na moto, ili zisianguke upande. Juu ya kilima kaskazini kanisa la Wakatoliki wa asili ya Ukraine, la 1911, linaendelea na ibada zake. Lilipopimwa ilionekana limekaa juu ya mwamba, si juu ya makaa.

Kwa kipimo kingine, kipande kile kifupi kilichosahauliwa ndicho kilichotembelewa kuliko barabara nzima. Nashawishika kuamini kuna watu wengi waliokanyaga kilomita ile kwa miguu ambao hawakuwahi kuendesha gari kwenye 61 zaidi ya mara moja, ile siku ya kwenda kuikanyaga.

Uchambuzi

Nianze na lililofaulu kwa kuwa halizungumzwi. Mchepuko ulilelewa kabla ya kuhitajika. Kila mara barabara kuu ilipofungwa kwa matengenezo, ile ya kando ilipata zamu ya kufanya kazi, na kasoro zake zilionekana wakati bado kuna pa kurudi. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Mchepuko tunaukwangua siku ya dharura kwa greda moja, tunaumwagia kifusi, tunamwomba Mungu mvua isinyeshe. Wao, kwa kupenda au kwa kulazimika, walikuwa na miaka ya kuuzoea. Ningependa kila mkoa wenye barabara iliyo kwenye kingo za mto au kwenye miteremko inayoporomoka uwe na orodha ya njia za kando zenye hadhi hiyo: zinapitishwa magari mara moja kwa mwaka, makusudi, ili zijulikane.

Pia usalama wa magari ulilindwa. Barabara ilifungwa kabla haijaua, na hili si dogo. Wengi wetu tunafunga baada ya kuua.

Kilichoshindikana kwanza ni kusoma dalili. Kipande kikititia mara moja, huo ni uharibifu. Kikititia mara ya pili pale pale baada ya kazi nzuri, hiyo ni taarifa kuhusu kilicho chini, na kiraka cha tatu ni kukataa kuisoma. Fundi mzuri anaijua tofauti kwa macho: ufa wa uchovu wa lami ni kama ngozi ya mamba, vipande vidogo vidogo kwenye njia ya magurudumu. Ufa wa ardhi inayotitia haujali magurudumu. Unakwenda kwa mkao wake, unavuka mstari wa katikati, kingo zake mbili haziko usawa mmoja, na ukiweka fimbo juu yake kutoka ukingo hadi ukingo inalala kwa kuinama. Ukiona hivyo usiagize lami. Agiza ramani za machimbo, za mapango, za visima, zungumza na wazee. Pale Centralia habari hiyo ilikuwapo tele, ila ilikaa katika idara zinazoshughulika na migodi, na barabara ikakaa katika idara yake.

Kushindwa kwa pili ndiko kunakonifanya nikirudie kisa hiki. Kufunga barabara na kuifuta ni kazi mbili. Kufunga ni kuzuia matumizi. Kunaweza kufanyika asubuhi moja. Kufuta ni kujibu maswali: ardhi inakuwa ya nani, lini, lami na karavati zinaondolewa au zinabaki, kwa gharama ya nani, nani anakagua vizuizi na kila baada ya muda gani, ramani zinabadilishwa lini, mtu akiumia mahali hapo anamshtaki nani. Kati ya 1993 na 2018 kazi ya kwanza ilikuwa imekwisha na ya pili haijamalizika. Hiyo ni miaka 25. Watoto waliozaliwa siku matuta yanamwagwa walikuwa watu wazima wenye makopo ya rangi mikononi, na kwao mahali pale hapakuwa barabara iliyofungwa. Palikuwa uwanja wa wote, tangu walipopata akili.

Wapo wanaosema tatizo lilikuwa ulinzi hafifu: uzio ungetosha, au askari. Siafikiani nao. Uzio wa kilomita moja msituni unakatwa usiku mmoja, na askari hawezi kukaa robo karne akilinda lami. Kinachovuta watu ni kwamba kitu bado kinafanana na barabara. Uso laini, upana wa kutosha, mistari, mwonekano wa mbali usio na gari. Mtu yeyote akiona hivyo miguu inamwambia apite. Ingelikwanguliwa juu kwa meno ya greda, hata kwa sehemu, ikarudishwa kuwa kokoto na udongo, magugu yangeingia msimu wa kwanza na rangi isingekuwa na pa kukaa. Ardhi inayotitia ilikuwa kikwazo kwa mitambo, nakubali. Lakini si kila mita ya kilomita 1.2 ilikuwa ikititia, na hata kukwangua sehemu za mwanzo na mwisho tu kungeondoa ile sura ya mwaliko.

Lipo jambo ambalo sina uhakika kama ni la kushindwa au la kufaulu. Barabara ile iliyoachwa iliwapa watu kitu. Walionyimwa mji wao walirudi pale na wajukuu kuwaonyesha. Wageni walikuja, wakala Ashland, wakanunua mafuta. Mwaka 2020 ilipofunikwa wapo waliolia, na si wahuni watupu. Kama mwaka 1993 mtu angeuliza, huenda jibu lingekuwa kuikabidhi kwa halmashauri ya jirani kama njia ya miguu, penye sehemu salama palipopimwa na sehemu hatari palipozibwa. Moto wa chini pengine ungelifanya jibu kuwa hapana. Hata hapana yenye sababu ni bora kuliko tuta lisilo na maelezo.

Mwisho nilipiga hesabu moja kwa kalamu. Nikichukulia lori moja linabeba mita za ujazo 12, malori 400 ni mita za ujazo 4,800. Ukizitandaza kwenye mita 1,200 za urefu na mita 10 za upana, ambao ni makadirio yangu, unapata unene wa sentimita 40. Hicho ndicho kilichohitajika: udongo wa kufika chini kidogo ya goti. Mwaka 1993 mitambo ya kumwaga udongo ilikuwa tayari pale, ikimalizia matuta mawili, na dereva wake alikuwa na zamu ya siku nzima.